Skana ya zamani, kompyuta mpya: je, tatizo ni waya?

SWALI: Nina studio ya picha hapa Kamalondo, Lubumbashi. Skana yangu ya bapa, ile ya kulaza picha juu ya kioo, ina zaidi ya miaka ishirini, lakini taa na mota bado ni nzima. Niliitumia na kompyuta ya Windows XP mpaka kompyuta hiyo ikafa. Sasa nina kompyuta mpya ya mezani yenye Windows 11. Nikichomeka waya wa USB, kompyuta inatoa mlio, kisha programu inasema haioni skana. Fundi mmoja ananishauri ninunue waya wa kugeuza ule mlango mpana wa nyuma ya skana, wenye pini 25, uingie kwenye USB. Je, ninunue?

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue. Waya huo umetengenezwa kwa ajili ya printa: kidude kilichomo ndani yake hujitambulisha kwa kompyuta kama printa na kupokea kazi za kuchapa, ilhali draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) za skana za wakati ule zilitaka kuushika mlango wenyewe wa kompyuta moja kwa moja. Hata ukiuchomeka vizuri, skana haitaonekana. Tena, skana yako ina mlango wa USB, na ule mlio unaousikia ni habari njema, kwa kuwa unaonyesha kwamba kompyuta imetambua kuwa kuna kifaa kimechomekwa. Kinachokosekana ni draiva.

Hakikisha hivi. Fungua Gestionnaire de périphériques, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta (nadhani Windows yako ni ya Kifaransa, kama kompyuta nyingi za mjini kwetu) na utafute kifaa chenye alama ndogo ya njano. Bofya kwa kitufe cha kulia, ingia Propriétés, kisha Détails, na uchague namba za utambulisho wa kifaa. Utaona maandishi yanayoanza na USB\VID_ yakifuatwa na herufi na tarakimu nne: 04B8 ni Epson, 04A9 ni Canon, 03F0 ni HP. Ikiwa namba ya mtengenezaji inasomeka hapo, mawasiliano yapo na waya ni mzima.

Windows 11 ni ya biti 64 tu, nayo haikubali kabisa draiva ya biti 32, ambayo ndiyo iliyo kwenye CD nyingi za enzi ya XP. Kuchagua hali ya utangamano hakusaidii, kwa sababu hali hiyo huidanganya programu ya kawaida, haigusi draiva. Kwa hiyo tafuta kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji draiva ya biti 64 ya modeli yako, hata kama imeandikwa kuwa ni ya Windows 7. Mara nyingi hukubali.

Ikikosekana, mimi ningejaribu Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kabla ya kutoa hata faranga moja. Weka Linux Mint kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kugusa Windows iliyomo, ufungue programu ya kuskani. Linux hutumia mkusanyiko wa draiva uitwao SANE, ambao bado unahudumia skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wao. Angalia jambo moja: baadhi ya modeli hazihifadhi programu yao ya ndani, bali huipokea kutoka kwenye kompyuta kila zinapowashwa, na faili hiyo imo kwenye CD ya zamani. Usiitupe CD hiyo.

Njia ya kulipia ni VueScan, ambayo huwasiliana na skana kwa draiva zake yenyewe. Ijaribu bure kwanza. Picha zitatoka na alama juu yake, lakini utajua kama modeli yako inakubaliwa kabla ya kulipa.

Kuhusu kuunganisha kwenyewe, tumia mlango wa USB ulio nyuma ya kompyuta, ikiwezekana ule mweusi wa USB 2.0 badala ya ule wa bluu, kwa sababu skana nyingine za zamani husumbua kwenye USB 3. Usipitishe waya kwenye kigawanyio, wala usizidishe mita 5. Ukisikia mota inakwaruza huku taa haisogei, inua skana taratibu utazame chini ya tumbo lake: kuna kufuli ya kushikilia kichwa wakati wa kusafirisha, na watu huifunga wanapohama na kuisahau. Na kwa jinsi umeme wa SNEL unavyopanda na kushuka, chomeka adapta yake kwenye kifaa cha kutuliza umeme, si moja kwa moja ukutani.

Usitarajie kwamba kompyuta mpya itaongeza kasi. Skana zenye milango yote miwili kwa kawaida ni za USB ya mwanzo, ya megabiti 12 kwa sekunde. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) kwa rangi ni takriban megabaiti 25, na kuzisafirisha tu huchukua karibu nusu dakika.