Jazia maji baridi, yale yasiyo na chumvi, tafadhali

Nakaa Nyali, Mombasa, bahari naiona dirishani. Maji ya tangi langu la samaki na matumbawe ya baharini yakipungua, kwa nini nisijazie ya bahari?

Swali hili nimelijibu hadi ulimi umeota sugu. Kinachopanda hewani ni maji, chumvi inabaki. Tangi la lita 100 lina takriban kilo 3.5 za chumvi. Zikikauka lita 10 ukajazia za bahari, umeongeza gramu 350. Mstari kwenye kioo umerudi pale pale, kilichobadilika hukioni. Rudia mara nne, kisha uniandikie eti matumbawe yanakufa bila sababu. Maji ya bahari yangoje siku ya kubadilisha maji, na hata hayo usichote penye uchafu, kama mkono wa bahari wa Tudor au kwenye feri Likoni. Na ukienda kuchota usirudi na tumbawe kwenye ndoo. Hifadhi ya bahari si duka.

Maji ya kisima je?

Kisima cha Mombasa? Yaonje kwanza.

Na ya mkokoteni?

Hujui yametoka wapi, na pengine mwenye mkokoteni naye hajui. Nunua yaliyochujwa, mtungi wa lita 20, uhakikishe hayakuongezwa madini.

Nasafiri wiki mbili. Niunganishe boya la kujazia, lile linalofungulia maji yenyewe yakipungua, na tangi la paani?

La! Boya hukwama. Konokono mmoja anatosha, au ukoko wa chumvi, na tangi zima la paani linateremkia samaki wako. Liunganishe na mtungi usiozidi kiasi ambacho tangi lako linaweza kukimeza kwa mkupuo bila kudhurika. Kama una tangi la chini, lile linalopokea maji ya tangi la samaki ili pampu iyarudishe juu, boya likae huko, maana ndiko maji yanakopungua. La juu litakuonyesha limejaa siku zote. Na ufunguo mwachie jirani.

Kila stima zikipotea, sakafu inalowa. Pampu ni mbovu?

Pampu haina kosa. Ikisimama, bomba la kurudishia maji linanyonya kinyumenyume, kwa kuwa mdomo wake umezama mno. Toboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, livute hewa. Lisugue kila wiki, mwani huliziba. Kisha zima pampu mwenyewe mchana, tambara mkononi, uone tangi la chini linajaa hadi wapi. Wengi hulijaza pomoni halafu wanalaumu kampuni ya umeme.

Kaskazi hii nimeweka feni. Inapoza vizuri, ila maji yanapungua haraka. Nifanyeje yasipungue?

Inapoza kwa sababu yanapungua. Jazia asubuhi na jioni.