Nani kashika mlango? Maswali na majibu kuhusu ukiritimba, vibali na uhuru wa mtu

Maswali ya safari hii yote yanahusu walibertari, yaani watu wanaoamini kwamba mtu mzima ndiye mwenye mwili wake, kazi yake na mali yake, na kwamba serikali haina haki ya kumzuia isipokuwa anapomdhuru au kumdhulumu mwenzake. Tumejibu kwa kesi na sheria zinazojulikana, maana hoja hizi zikibaki hewani hazimfai mtu.

Hawa walibertari wanataka serikali ifutwe kabisa? (Msomaji, Morogoro)

Wachache wao, ndiyo. Murray Rothbard, mwanauchumi wa Marekani, aliona hata polisi na mahakama zingeweza kuendeshwa na watu binafsi. Mwanafalsafa Robert Nozick, mwaka 1974, alikomea kwenye serikali ndogo ya polisi, mahakama na jeshi. Mwanauchumi Friedrich Hayek, ambaye walibertari wengi humhesabu kuwa mmoja wa walimu wao, alikuwa na msimamo laini kuliko hao wawili. Mwaka 1944 aliandika kwamba kuzuia matumizi ya sumu fulani au kuweka kikomo cha saa za kazi hakuui ushindani. Kwa hiyo ukisikia "walibertari wanasema", uliza kwanza ni nani huyo anayesema.

Mkiondoa udhibiti, makampuni makubwa hayatatumeza? (Msomaji, Nakuru)

Swali hili ndilo linaloletwa mara nyingi kuliko yote, kwa hiyo tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1598 Malkia Elizabeth I wa Uingereza alimpa mtumishi wake wa ikulu, Edward Darcy, haki ya kuwa mtu pekee wa kuingiza, kutengeneza na kuuza karata nchini. Mtu mwingine akatengeneza zake, Darcy akamshtaki. Mwaka 1602 mahakama ikaibatilisha hati ya Darcy. Sababu zilizoandikwa zinaeleweka hata leo: haki ya namna hiyo hupandisha bei, hushusha ubora, na huwanyang'anya mafundi wengine riziki yao. Mwaka 1624 Bunge likapiga marufuku hati hizo kwa sheria, likabakiza chache, zikiwemo hataza za uvumbuzi mpya, yaani haki ya mvumbuzi kuwa pekee wa kuutumia uvumbuzi wake, kwa miaka 14 tu. Walibertari huipenda kesi hii kwa sababu inaonyesha ukiritimba, yaani mmoja kuishika biashara yote peke yake, katika umbo lake la asili. Darcy hakuwashinda wenzake sokoni. Aliandikiwa karatasi.

Kutoka hapo wanapata kipimo chao. Usiulize kampuni ni kubwa kiasi gani. Uliza mwingine akitaka kuingia kesho asubuhi, nani anamzuia? Kama kinachomzuia ni kwamba wateja wanaridhika na yule wa zamani, hiyo si dhuluma. Kama ni kibali, kipimo kinatoa jibu jingine kabisa.

Ndege za Marekani ni mfano mzuri. Kuanzia 1938 bodi ya serikali iliamua shirika gani liruke njia ipi na kwa nauli gani. Shirika jipya lilipaswa kuthibitisha kwamba umma unalihitaji, na mashirika yaliyokuwa tayari angani yaliruhusiwa kuja kupinga. Kwa miaka 40 hakuna shirika jipya lililoruhusiwa kuingia kwenye njia kuu kati ya majimbo. Southwest ilipoanza kuruka mwaka 1971 ilibaki ndani ya Texas peke yake, kwa kuwa bodi ile haikuwa na mamlaka juu ya safari zisizovuka mpaka wa jimbo. Nauli zake zikawa chini mno kuliko za njia za urefu uleule zilizopangiwa bei. Rais Carter alisaini sheria ya kuondoa udhibiti huo Oktoba 1978, na bodi yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa 1985. Jambo moja husahauliwa sana katika mabishano haya: ukaguzi wa usalama wa ndege haukuguswa. Ulikuwa chini ya idara nyingine, ukaendelea kama kawaida. Kupanga bei na kukagua injini ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya hawezi kuelewa kilichotokea mwaka 1978.

Simu zina historia kama hiyo. Hataza kuu za kampuni ya simu ya Bell zilikwisha muda mwaka 1893 na 1894, na maelfu ya kampuni ndogo na vyama vya wakulima vikaanza kutandaza nyaya zao. Bell ikanunua nyingi. Mwaka 1921 Bunge la Marekani likatunga sheria iliyoruhusu kampuni za simu kuungana kwa idhini ya mdhibiti, bila kuguswa na sheria ya ushindani. Baadaye hata kikombe kidogo cha kuwekea mdomo wakati wa kuongea na simu, ili wa jirani asikusikie, kilizuiwa na mdhibiti kwa madai kwamba kinaharibu huduma. Mahakama iliutengua uamuzi huo mwaka 1956.

Standard Oil ya Rockefeller haikuhitaji kibali cha mtu, na ilimeza wote. Mnasemaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni hoja nzito, na mlibertari anayeipita haraka haraka hajafanya kazi yake.

Kampuni hiyo ya mafuta ilianzishwa Ohio mwaka 1870. Ndani ya miaka kumi hivi ilishika karibu asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini Marekani. Walibertari hujibu kwa bei: galoni moja ya mafuta ya taa ilishuka kutoka senti 26 hivi mwaka 1870 hadi senti 8 hivi mwaka 1885. Huongeza kwamba Mahakama Kuu ya Marekani ilipoivunja vipande 34 mwaka 1911, sehemu yake ya soko ilikuwa imeshashuka hadi kama asilimia 64, kwa sababu mafuta yaliyopatikana Texas mwaka 1901 yalizaa washindani wakubwa. Namba hizo zinaheshimika.

Lakini bei kushuka haimaanishi kwamba hakuna aliyeonewa. Rockefeller alikubaliana kwa siri na reli apunguziwe nauli, na kulikuwa na mpango wa reli kumlipa hata sehemu ya nauli iliyotozwa mafuta ya washindani wake. Msafishaji mdogo alikuwa anamlipia mpinzani wake bila kujua. Mlibertari makini atakwambia reli zenyewe zilipewa hati za kipekee na ardhi na serikali, kwa hiyo shina la tatizo liko hukohuko. Kuna ukweli hapo, ila kwetu hautoshi, kwa sababu mikataba ile ya siri ilikuwa ya watu binafsi. Katika hili walibertari wana nguvu kwenye suala la bei, na ni dhaifu kwenye suala la reli.

M-Pesa ni ushahidi wa upande gani? (Msomaji, Kisumu)

Wa pande zote mbili, tena kwa zamu.

Ilipoanza Machi 2007, Kenya haikuwa na sheria ya pesa za simu. Benki Kuu ingeweza kusema subirini sheria itungwe. Badala yake iliandika barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa masharti yanayoeleweka. Sharti kubwa lilikuwa kwamba kila shilingi iliyo kwenye simu iwe na shilingi yake kwenye akaunti ya amana katika benki ya biashara, ambayo kampuni haiwezi kuigusa kwa matumizi yake wala kuikopesha. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, huduma ikiwa tayari na mamilioni ya watumiaji. Mlibertari angeweza kuufundisha mfano huu darasani: linda pesa ya mteja dhidi ya wizi na uzembe, mengine acha watu wajaribu.

Zamu ya pili ikaja kwa mawakala. Mikataba ilimkataza wakala wa M-Pesa kuhudumia kampuni nyingine. Mshindani alikuwa na leseni, ila alikuta vibanda vyote vimeshafungwa mikataba. Mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliagiza sharti hilo liondolewe. Mlibertari mkali atapinga agizo hilo, kwa kuwa mkataba ni hiari ya wawili. Lakini mkumbushe kwamba masafa ya simu hugawiwa na serikali, na kwamba baada ya hisa kuuzwa kwa umma mwaka 2008 serikali ya Kenya ilibaki na asilimia 35 ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa. Kampuni ambayo mwenye kutoa vibali ni mwenye hisa si mfano safi wa soko huria. Sisi tunaona agizo la 2014 lilikuwa sahihi: halikupanga bei wala halikumpa yeyote leseni ya kipekee. Liliufungua mlango, likaishia hapo.

Nasuka nywele nyumbani kwangu hapa Marekani. Jirani ananitisha kwamba ni kosa. Ni kweli? (Msomaji, Ohio)

Inategemea jimbo, na hapa ndipo walibertari wamefanya kazi kubwa na ya wazi kuliko popote. Utah ilitaka msusi asomee urembo saa 2,000, ilhali kusuka kulikuwa karibu hakufundishwi katika saa hizo. Mwanamke mmoja mhamiaji kutoka Sierra Leone alishtaki, na mwaka 2012 jaji wa shirikisho akaamua kwamba sharti hilo halina uhusiano wa maana na kazi anayoifanya. Texas ilitaka shule ya kusuka iwe na viti kumi vya kinyozi na sinki tano, wakati kusuka hakuhitaji sinki hata moja. Sharti hilo lilianguka mahakamani Januari 2015, na mwaka huohuo jimbo likafuta leseni ya kusuka yenyewe.

Fanya hivi. Iandikie bodi ya urembo ya jimbo lako uulize kama kusuka kwa mkono bila kemikali kunahitaji leseni, kibali kidogo, au hakuhitaji kitu. Taja hasa unachofanya: kusuka, kuunganisha rasta, kuchoma ncha. Omba jibu la maandishi na ulitunze. Kisha uliza halmashauri ya mji kuhusu biashara ya nyumbani, kwa kuwa hilo ni suala jingine na mara nyingi huko ndiko jirani anakopeleka malalamiko. Kama umepanga, soma na mkataba wa nyumba.

Wengi huharibikiwa mahali pawili. Kwanza, msamaha wa msusi kwa kawaida hukoma pale unapogusa dawa ya kulainisha, rangi au mkasi wa kukata mtindo. Mteja mmoja wa kuwekewa dawa anatosha kukutoa nje ya msamaha. Pili ni kuhama jimbo ukidhani kanuni zimehama nawe.

Na dawa za hospitali? Hapo pia mtaacha watu wajaribu? (Msomaji, Mombasa)

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mwaka 1960 Frances Kelsey, mkaguzi katika mamlaka ya dawa ya Marekani, alikataa kupitisha thalidomide kwa kuwa ushahidi wa usalama haukumtosha. Ulaya, ilikouzwa, maelfu ya watoto walizaliwa na viungo vilivyoharibika. Hakuna hoja ya uhuru inayoweza kuufuta ukweli huo.

Hoja ya walibertari inahusu kilichofuata. Sheria ya 1962 ilitaka mtengenezaji athibitishe pia kwamba dawa inatibu, juu ya kuwa salama, na idadi ya dawa mpya kwa mwaka ikapungua sana. Aliyeharibiwa na dawa mbaya anaonekana na anapigwa picha. Aliyekufa akisubiri dawa nzuri kaburi lake halina maandishi ya sababu, na mkaguzi hapelekwi mbele ya kamati kwa ajili yake. Kwa hiyo mkaguzi huchelewesha, na hatuwezi kumlaumu. Sheria ya 2018 iliruhusu mgonjwa mahututi aliyemaliza tiba zilizoidhinishwa kuomba dawa iliyopita hatua ya kwanza ya majaribio. Mtengenezaji bado anaweza kukataa. Kwetu huo ni mpaka wenye busara.

Kwa vifaa vya umeme hoja yao ina nguvu zaidi. Alama ya UL unayoiona chini ya chaja nyingi ni ya taasisi isiyo ya serikali iliyoanza 1894 ikipima hatari za moto, na kampuni za bima zikaiunga mkono. Anayebeba hasara nyumba ikiungua ana sababu ya kukagua kweli. Tatizo ni alama za kughushi, na hapo hata wao wanaiita mahakama.

Kibali kikifutwa, aliyekinunua kwa pesa nyingi afanyeje? (Msomaji, Kampala)

Swali hili linatuuma, maana walibertari wengi hulijibu kwa mkato. New York iliweka kikomo cha vibali vya teksi mwaka 1937. Kwa miongo mingi havikuongezeka ila kidogo sana, bei ikapanda hadi kuzidi dola milioni moja kufikia 2014, na vile vichache vipya mji wenyewe uliviuza kwa mnada. Walionunua mwishoni, wengi wao madereva wahamiaji, walikopa karibu kila dola. Uber na wenzake wakaingia kwa mlango mwingine, thamani ikaporomoka, deni likabaki palepale.

Mwanauchumi Gordon Tullock alilieleza jambo hili mwaka 1975: faida ya kibali huchukuliwa yote na mwenye nacho wa kwanza, anayekinunua baadaye anailipa ndani ya bei, akibaki na pato la kawaida tu. Ukikifuta, unamfilisi mtu ambaye hakuwahi kunufaika. Usipokifuta, abiria anaendelea kulipia. Mbali na kufidia, njia nyingine ni kuongeza vibali polepole kwa ratiba iliyotangazwa ili bei ishuke kabla mtu mwingine hajakopa, au kuacha kuviuza kabisa mara tu mlango wa pembeni unapofunguliwa. New York haikufanya lolote kati ya hayo kwa wakati. Novemba 2021, baada ya madereva kugoma kula kwa siku 15, mji ulikubali mpango ambao mikopo ilipunguzwa hadi dola 170,000 kwa kibali, mji ukiwa mdhamini.