Maswali yenu: Hilo neno "langu" linawaponza

Barua za safari hii kuhusu mashirika yasiyo ya faida nimezisoma zote, na neno lililojirudia kuliko mengine ni "langu". Shirika langu, bodi yangu, wafadhili wangu. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Viwango, tarehe na majina ya ofisi hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo msiende kwa msajili na safu hii mkononi. Nendeni na sheria yenu. Msingi wake, hata hivyo, hautofautiani sana.

Mwisho wa mwaka tumebakiwa na fedha. Mjumbe mmoja anasema sisi ni shirika lisilo la faida, kwa hiyo kubaki na kitu ni kosa. Tuzimalize?

Msizimalize. Mjumbe wenu amesoma jina akaacha maana. Shirika lisilo la faida halilazimiki kufunga mwaka mikono mitupu. Linachokatazwa ni kugawana: bakaa haiendi kwa wanachama, haiendi kwa wajumbe wa bodi, wala haiendi kwa mwanzilishi hata ikiitwa "asante ya mwisho wa mwaka". Mnaweza kutoza ada, kuuza machapisho, kupangisha ukumbi na kubaki na ziada, mradi irudi kwenye malengo yaliyoandikwa katika katiba yenu.

Ila biashara isiyohusiana na malengo hayo huweza kutozwa kodi hata kama mna msamaha. Marekani imekuwa ikiitoza kwa sheria ya tangu 1950. Na kama kilichobaki ni fedha za mfadhili kwa mradi maalumu, hiyo si bakaa yenu. Someni mkataba unasema irudi au ibaki. Kisha bodi iandike sera ya akiba: tunaweka fedha za kuendeshea ofisi miezi mingapi, na kwa nini. Wale mnaoitisha semina ya ghafla mwezi wa mwisho ili bajeti iishe, mkaguzi wa hesabu anazijua semina hizo kabla hajafungua faili.

Asasi hii niliianzisha kwa mshahara wangu, nikaisajili mwenyewe, hata jina nililitunga mimi. Sasa bodi niliyoiteua kwa mkono wangu inataka kunitoa ukurugenzi. Kisheria inawezekana?

Inawezekana, na mara nyingi ni halali kabisa.

Pole, lakini hapa ndipo wengi wenu mnapopotea. Siku ile asasi iliposajiliwa na kupata hadhi yake kisheria, palitokea mtu mwingine mbele ya sheria, yaani asasi yenyewe: anamiliki akaunti, anaingia mikataba, anashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Hana hisa za kununuliwa, kwa hiyo hana mwenyewe. Fedha ulizotoa, ulichangia au ulikopesha? Kama ulikopesha, mkataba wa mkopo uko wapi, na muhtasari wa kikao kilichoukubali uko wapi? Kama havipo, ulichangia, na mchango haudaiwi kwa sababu watu wamegombana.

Usinitajie historia ya asasi. Nitajie utaratibu. Je, taarifa ya kikao ilitolewa kwa siku zinazotakiwa na katiba? Akidi ilitimia? Ulielezwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujibu? Tena, umevaa kofia mbili: wewe ni mwanzilishi, lakini pia ni mwajiriwa, na mwajiriwa analindwa na sheria ya kazi. Kofia ya pili ndiyo yenye nguvu. Kamtafute wakili wa masuala ya kazi, uache kuzungusha barua kwa wafadhili ukieleza ulivyoteseka.

Na wewe msomaji mwingine unayecheka hapo, bodi yako ikoje? Mke, shemeji, rafiki wa shule na dereva? Nimewahi kupewa mihtasari ya vikao vya miaka mitano niipitie. Yote iliandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na katika vikao vyote hakuna aliyewahi kuomba udhuru. Watu wazima saba, miaka mitano, hakuna aliyeugua wala kufiwa! Bodi ya namna hiyo haimlindi mwanzilishi. Likitokea jambo, wote wataulizwa walikuwa wapi, na jibu la "tuliwekwa majina tu" halijawahi kumsaidia mtu. Chini ya sheria za nchi nyingi, mdhamini, yaani mjumbe wa bodi aliyekabidhiwa mali ya shirika, akifumba macho anaweza kudaiwa kutoka mfukoni mwake.

Unaweza kututumia katiba ya mfano?

Hapana. Nimeulizwa hili tangu safu ianze na jibu halijabadilika. Niliwahi kuona katiba ya kikundi cha kutetea wasioona yenye kifungu kizima cha ufugaji nyuki, kwa sababu walionakiliwa walikuwa wafugaji. Kaeni siku mbili mjadiliane nani anaweza kumtoa nani, na kwa kura ngapi. Hiyo ndiyo katiba.

Hatujapeleka ripoti ya mwaka kwa msajili kwa miaka mitatu kwa sababu hatukupata ufadhili wowote. Hakuna cha kuripoti. Tuna tatizo?

Mna tatizo kubwa, na hamko peke yenu. Ripoti haiulizi mmepata kiasi gani pekee. Inauliza kama bado mpo, viongozi ni nani, anuani ni ipi. "Hatukupokea fedha wala kutekeleza shughuli" ni ripoti kamili, na inatosha ukurasa mmoja na sahihi mbili.

Marekani walitunga sheria mwaka 2006: shirika lenye msamaha wa kodi lisilowasilisha taarifa zinazotakiwa kwa miaka mitatu mfululizo linapoteza hadhi hiyo lenyewe, bila kesi. Juni 2011 mamlaka yao ya kodi ilitoa orodha ya kwanza ya waliofutiwa: mashirika takribani 275,000. Mengi yalidhaniwa yalishakufa, lakini ndani yake mlikuwamo pia vikundi vidogo vilivyoamini kuwa udogo ni kinga, ilhali vilichotakiwa kujaza ni fomu fupi ya kielektroniki isiyomaliza nusu saa.

Andikeni sasa, kabla hamjaandikiwa. Tengenezeni ripoti za miaka yote mitatu, ambatanisheni taarifa za benki hata kama salio ni makato matupu, ulizeni faini ni kiasi gani, na ombeni nafuu kwa maandishi. Msajili humwonea huruma aliyejipeleka. Aliyegundulika siku mfadhili anaomba cheti cha uhai wa shirika hana wa kumwonea.

Mfadhili alitupa fedha za vitabu vya maktaba. Mishahara imekwama miezi miwili. Tunaweza kuazima humo kisha tukarudisha?

Hapana. Fedha yenye masharti ni amana, na "kuazima" bila idhini ya maandishi ya mwenye fedha ni kuvunja mkataba leo, hata kama mtarudisha kesho. Mwandikieni mfadhili mkaombe kubadili matumizi. Wengi hukubali kuliko mnavyodhani. Wasipokubali, bodi ikae na mkurugenzi aeleze imekuwaje mkaajiri watu ambao mishahara yao haina chanzo.

Kampuni ya mume wa mwenyekiti wetu ndiyo iliyotoa bei nafuu kuliko zote kwenye zabuni ya kuchapisha vitabu. Tumnyime kwa sababu tu ni mume wa mtu?

Swali zuri, na limeulizwa kabla ya kosa kutendeka. Mgongano wa maslahi wenyewe si dhambi. Dhambi ni kuuficha, au kuwa nao na bado ukapiga kura.

Mwenyekiti atangaze uhusiano huo kwa kinywa na kwa maandishi. Atoke chumbani, si kukaa kimya pembeni huku akimtazama kila anayezungumza. Mwingine aongoze kikao, akidi ihesabiwe bila yeye, na bei za washindani wote ziambatanishwe kwenye muhtasari. Kisha, na hili ndilo husahaulika, yeye asiwe mtu wa kupokea mzigo, kuuhakiki wala kutia sahihi hundi. Bei nafuu siku ya zabuni ina tabia ya kupanda baada ya "mabadiliko madogo" mawili matatu, na wa kuyapinga awe mtu asiyelala nyumba moja na mzabuni.

Mkilipa zaidi ya thamani halisi, mambo yanageuka. Chini ya sheria ya Marekani ya 1996, mtu wa ndani aliyejinufaisha kupita kiasi kwenye shirika la hisani hutozwa kodi ya asilimia 25 ya kile kilichozidi, na asiporekebisha kwa wakati, asilimia 200. Anatozwa yeye, si shirika. Hata wajumbe walioidhinisha huku wakijua nao hutozwa. England wameanzia mbali zaidi: kimsingi mdhamini halipwi kwa udhamini wake isipokuwa kuwe na idhini mahsusi. Nakubaliana nao, na najua nitapigiwa simu kwa kusema hivyo.

Benki imezuia fedha kutoka nje na inataka majina ya wajumbe wote, vitambulisho vyao na mkataba wa mfadhili. Huu si uonevu?

Sehemu ni sheria, sehemu ni uvivu wa benki. Chanzo ni kikosi kazi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, FATF, kilichoundwa mwaka 1989. Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kikatoa pendekezo maalumu kuhusu mashirika yasiyo ya faida na ufadhili wa ugaidi, na kwa miaka mingi serikali na benki zikaamini kila asasi ni mshukiwa. Mwaka 2016 maneno yaliyoyaita mashirika haya hatarini kutumiwa na magaidi kuliko wengine yaliondolewa, na marekebisho ya Novemba 2023 yanasisitiza hatua zilenge hatari iliyopo kweli, bila kuvuruga kazi halali za asasi. Katika mapendekezo ya FATF, Namba 8 ndilo lenu. Litajeni kwenye barua kwa meneja.

Lakini majina na vitambulisho pelekeni. Hivyo wana haki ya kuomba, na kama kuvipata kunawachukua wiki tatu, tatizo haliko benki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mgombea fulani anaunga mkono malengo yetu. Tunaweza kumpigia debe?

Msithubutu. Kutetea sera ni jambo moja, kumnadi mtu ni jingine. Mashirika ya hisani Marekani yamekatazwa kujiingiza katika kampeni za wagombea tangu 1954, na nchi nyingi zina katazo la namna hiyo. Na mkurugenzi asivae fulana ya chama akipiga picha mbele ya bango la shirika, kisha aniambie alikuwa pale "binafsi".

"Wajitolea" wetu tunawapa posho ya kila mwezi, wanaripoti saa mbili asubuhi na wana fomu ya likizo. Tunapaswa kuwakata kodi?

Hao ni wafanyakazi wenu. Mahakama na mamlaka za kodi hutazama kinachofanyika, si jina mlilokiweka kwenye karatasi. Kumrudishia mtu nauli kwa risiti ni kujitolea. Kiasi kilekile kila mwezi, risiti isiwepo, ni mshahara. Anzeni kukata, na mkadirie malimbikizo kabla hajatokea mmoja aliyeachishwa akaenda kulalamika.

Tumeamua kufunga shirika. Gari na kompyuta tugawane wanachama waanzilishi?

Nilijua neno "langu" litarudi.

Hamgawani. Katiba yenu karibu hakika ina kifungu kinachosema mali ikibaki baada ya madeni iende kwa shirika lingine lenye malengo yanayofanana. Kama hakimo, sheria au mahakama itasema hivyohivyo. Lipeni madeni kwanza, mkianza na wafanyakazi na kodi. Waulizeni wafadhili kuhusu vifaa walivyonunua, kwani mikataba mingi huwapa wao kauli ya mwisho. Fungeni hesabu na mkaguzi azipitie, mpitishe azimio kwenye mkutano mkuu, kisha mpeleke barua kwa msajili, kwa mamlaka ya kodi na benki. Nyaraka zitunzwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kwa miaka yote ambayo sheria yenu inadai.

Gari likihamishwa, kadi yake ibadilishwe jina siku hiyohiyo. Likipata ajali wiki ijayo likiwa bado na jina la shirika, watakaotafutwa ni ninyi.