Tairi Gumu Kama Jiwe Halikuongezei Kasi: Upepo wa Tairi kwa Njia ya Pwani, Msitu na Mashamba

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tumepanga mzunguko wa kilomita 100 kwa baiskeli za lami. Kilomita 30 za mwanzo tunafuata ufuo, kisha tunapanda msituni, halafu tunarudi kwa barabara ndogo za mashambani. Nina kilo 68, baiskeli na chupa za maji ni kama kilo 11. Matairi ni ya milimita 28, ubavuni yameandikwa upeo wa PSI 94, na nimefunga rimu mpya za kaboni zenye maandishi 622x23TSS. Mwenzangu anasema nijaze 110 ili nisiachwe kwenye tambarare ya pwani, kisha nipunguze tukifika msituni. Fundi aliyenifungia rimu anasema nisipunguze kabisa, eti tairi gumu halipati pancha. Nimsikilize nani?

JIBU: Hakuna wa kumsikiliza hapo. Wote wawili wamekosea, na ushauri wao unaweza kukung'oa meno. Sababu ni hayo maandishi ya rimu uliyoyataja kwa kupita tu. Nitayafikia. Kwanza hili la kasi, kwa kuwa jibu ulilopewa nakutana nalo karibu kila wiki, limeshajazwa kwenye matairi ya watu.

Imani kwamba upepo mwingi ndiyo kasi nyingi ilitoka kwenye mashine. Ukilibana tairi juu ya pipa la chuma lililo laini na kulizungusha, kila PSI unayoongeza hupunguza ukinzani, maana mpira unajikunja kidogo na nishati inayopotea kama joto ni ndogo. Vipimo hivyo ni vya kweli. Kwenye velodromu, yaani uwanja wa mbio za baiskeli, ya mbao zilizopigwa randa mambo ni hivyo hivyo, na huko matairi hujazwa mpaka yalie. Lakini lami ya barabarani ina kokoto, viraka na nyufa, na juu ya baiskeli ameketi mtu mwenye nyama. Tairi lisipoimeza kokoto kwa kujikunja, baiskeli nzima huinuliwa na kuangushwa. Mtikisiko huo huishia mapajani, mgongoni na mikononi mwako, na humo hugeuka joto. Nishati hiyo umeitoa miguuni na haijakusogeza mbele hata unyayo mmoja.

Kwa hiyo kuna kikomo. Kabla hujakifikia, kuongeza upepo kunakusaidia kidogo. Ukishakivuka, ukinzani unapanda tena, na unapanda kwa kasi kuliko ulivyokuwa ukishuka. Ukikosea kwa PSI 5 upande wa chini, huenda usihisi chochote. Ukikosea kwa 40 upande wa juu, kama mwenzako anavyotaka, utalipa siku nzima.

Kinachowapotosha watu ni hisia. Tairi gumu hutetemesha usukani, na mwili huuchukulia mtetemo kuwa mwendo. Nimechoka kubishana na watu wanaoniambia "lakini naisikia inakimbia". Tazama saa, achana na viganja. Waendesha baiskeli wa kulipwa, ambao riziki yao ni sekunde, walikuwa wakipanda matairi ya milimita 23 kwa PSI zaidi ya 100. Leo milimita 28 ni jambo la kawaida kwao, na kwenye barabara za mawe za mashindano ya Paris–Roubaix, Ufaransa, hufunga 30 kwenda juu, kwa upepo ambao mwenzako angedhani ni pancha.

Sasa namba zako. Kwa jumla ya kilo 79 anza na PSI 65 nyuma na 60 mbele. Nyuma ndiko uzito mwingi unakolalia, ndiyo maana panazidi. Kisha chukua kalipa (kile kipimo chenye taya) upime upana halisi wa tairi likiwa limejazwa, kwa sababu rimu yenye upana wa ndani wa milimita 23 hulitanua tairi, na hilo la 28 unaweza kulikuta ni 29 au 30. Likiwa hivyo, punguza PSI 3 au 4. Fanya safari fupi, uendelee kupunguza kidogo kidogo mpaka uhisi tairi linayumba kwenye kona au rimu inagonga kwenye shimo, kisha rudisha PSI 3. Hapo umeipata yako, na ukae nayo kuanzia ufuoni mpaka nyumbani. Kusimama njiani kutoa upepo ni upuuzi: namba inayofaa barabara mbovu ya mashambani haitakuchelewesha pwani kwa kiasi unachoweza kukiona.

Maana pwani anayekuchelewesha ni hewa. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Ukienda kilomita 30 kwa saa na upepo wa baharini wa kilomita 20 kwa saa unakuja usoni, hewa inakupiga kwa 50, na nguvu inayokurudisha nyuma ni karibu mara 2.8 ya ile ya siku tulivu. Hakuna pampu itakayokufidia hapo. Mtakachofidiwa nacho ni saa ya kuondoka na kujipanga mmoja nyuma ya mwingine. Nchi kavu ikishapata joto, kuanzia asubuhi ya kuchelewa hadi alasiri, upepo hutoka baharini kwenda bara, hivyo kupita ufuoni mapema ni uamuzi mzuri. Tatizo la njia yenu liko mwishoni: mnarudi kuelekea baharini mchana, kwenye mashamba yasiyo na kizuizi, upepo ukiwa usoni. Kama barabara zinaruhusu, mkitoka ufuoni yapiteni mashamba wakati wa kwenda bara na mrudi kwa upande wa msitu, miti iwakinge. Mpangilio huo tu wa mzunguko utawaokolea dakika nyingi kuliko mabishano yote ya PSI.

Msituni shida ni mshiko. Lami iliyo kivulini hubaki na unyevu muda mrefu baada ya nyingine kukauka, majani hulala kwenye kona, na mizizi huinua lami kama matuta madogo yanayokatiza barabara. Tairi la 110 likigonga mzizi huruka, na tairi lililo hewani halishiki breki. Mwenye 60 hupita juu yake magurudumu yakiwa chini. Ninyi mtashuka humo baada ya kupanda, miguu imechoka na macho yanatoka juani kuingia gizani. Punguzeni mwendo kabla ya kivuli.

Mashambani ndiko kwenye pancha, na hapa nimjibu fundi wako. Kuna pancha za aina mbili kuu na yeye anazichanganya. Ya kwanza ni ya kubanwa: gurudumu linatumbukia kwenye shimo, tyubu inabanwa kati ya shimo na rimu, nawe unakuta matundu mawili yaliyokaa sambamba. Hiyo kweli huzuiwa na upepo wa kutosha, na kwa uzito wako 65 inatosha usipoparamia mashimo. Ya pili ni ya kuchomwa: mwiba, kipande cha waya wa uzio, jiwe kali lililoletwa na tope la trekta. Tairi gumu halizuii hiyo hata kidogo. Kwa kuwa haliwezi kubonyea, ncha kali hupata kazi rahisi zaidi ya kupenya. Kwa hiyo kila ukipata pancha, tazama tundu kabla ya kubandika kiraka. Matundu mawili, ongeza upepo kidogo. Tundu moja upande wa nje, tafuta mwiba ndani ya tairi kwa vidole, taratibu. Tundu upande wa ndani unaotazama rimu, kagua utepe wa rimu, ule unaofunika matundu ya spoki. Anayetibu hizo tatu kwa kujaza zaidi anabahatisha tu.

Na wa kubahatisha ni wengi. Kuna anayebonyeza tairi kwa kidole gumba na kutangaza "liko poa": tairi la lami likishajaa vya kutosha kulipanda, kidole hakitofautishi 65 na 95. Kuna anayemimina maji ya kuziba pancha kwenye tairi ambalo halikuundwa kukaa bila tyubu, akiamini yatafanya muujiza. Maji hayo huziba tundu dogo, hayashoni ubavu uliochanika, na hukauka baada ya miezi kadhaa, ukabaki na utando usio na kazi. Kuna anayesikia mlio wa "pssst" akichomoa pampu na kuongeza PSI 10 za fidia, wakati mlio huo ni hewa iliyokuwa kwenye mpira wa pampu, haikutoka kwenye tairi. Lakini wanaonikera kuliko wote ni wanaotoa namba moja kwa kila mtu. Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 95 hawawezi kupanda upepo uleule. Mtu akikutajia PSI kabla ya kukuuliza uzito wako, upana wa tairi, aina ya rimu na barabara unayokwenda, mshukuru na uondoke na pampu yako.

Aina ya rimu ndilo jambo ambalo hawakukuuliza. TSS maana yake rimu yako ina kuta zilizonyooka: haina ule ukingo uliokunjwa ndani kama ndoano unaolishika tairi lisitoke. Kwa rimu za namna hiyo viwango vya kimataifa vimeweka upeo wa bar 5, yaani PSI 72.5, hata kama ubavu wa tairi unataja zaidi. Ile 94 yako ni kwa rimu zenye ndoano, nayo ni upeo, si agizo. Kati ya namba ya tairi na namba ya rimu, inayotawala ni ndogo. Tena si kila tairi linaruhusiwa kwenye rimu hizo. Tafuta orodha ya mtengenezaji wa rimu, na tairi lako lisipokuwemo, litoe. Februari 2024 Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka kwenye mashindano ya UAE Tour tairi likiwa limeachana na rimu ya aina hii. Chanzo kilibishaniwa, wengine wakisema aligonga jiwe, lakini tangu hapo hata waendeshaji wa kulipwa wanazijadili rimu hizi kwa uangalifu.

Usijaze mpaka kwenye upeo wenyewe pia. Tairi la 65 lililopimwa kwenye nyuzi 20 likaachwa juani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 40 huwa karibu 70. Aliyeanza na 72 hapo ameshavuka mpaka akiwa amekaa kivulini anakunywa maji. Na geji za pampu hutofautiana: tumia moja ileile kila asubuhi ya safari, usichanganye.

Kama ulishajaza 110, hata mara moja, usitoe upepo tu na kuondoka. Toa tairi lote. Pitisha vidole kwenye ukingo wake unaokaa ndani ya rimu, uone kama umevutika, umechanika au nyuzi zimechungulia, na ukiwa na shaka yoyote badilisha tairi. Kisha imulike rimu kwa tochi, pande zote mbili, ukipitisha ukucha kuzunguka kuta zake na kila tundu la spoki. Ukihisi ufa, hata mwembamba, usiipande tena kabla haijakaguliwa na fundi anayezijua kaboni. Asiwe yule aliyekufungia.