Jibu: Shule wameniita kikao cha ARD, nisaini au nisisaini?

Dada, pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi. Nilivyokuelewa: mko Houston mwaka wa pili tangu mtoke kambini, mtoto ana miaka 7, mwaka mzima mwalimu alikuwa anakwambia usubiri Kiingereza kimkae kwanza. Kisha ghafla wamempima, ripoti imekuja na maneno "ulemavu wa akili", na wiki ijayo unaitwa kwenye kikao cha ARD, yaani kikao cha shule na mzazi cha kuamua kama mtoto aingie elimu maalumu na apewe huduma gani, ambako binti yako wa miaka 14 ndiye atakutafsiria. Nitajibu kwa urefu, unisamehe. Mwanangu ana usonji na nimehudhuria vikao hivi hapa hapa Texas tangu alipoanza chekechea. Sasa yuko darasa la sita.

Binti usimpeleke. Kiingereza anakijua kuliko sisi wote, lakini mle ndani yatasemwa maneno kuhusu akili ya mdogo wake ambayo mtoto hapaswi kuyabeba, na yeye kwa huruma atakulainishia. Sheria ya serikali kuu ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inaidai shule ihakikishe mzazi anaelewa kinachoendelea kikaoni. Kumleta mkalimani ni kazi yao na gharama ni yao. Waandikie imeili leo: nahitaji mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao cha tarehe fulani. Kama Kiswahili chako ni cha Kongo, kitaje, maana anaweza kuletwa mtu wa Mombasa mkaanza kuulizana maana. Wakimleta kwa simu na sauti inakatika, waambie wasimame mpaka utakaposikia. Hutamkosea mtu adabu. Tena, hapa Texas sheria ya elimu inaitaka wilaya ya shule ifanye juhudi za kweli kumpatia mzazi asiyejua Kiingereza nakala ya mpango wa elimu wa mtoto, ule unaoandikwa kwenye kikao hicho, kwa lugha yake, iwe ya maandishi au iliyorekodiwa kwa sauti. Kwa Kihispania ni lazima. Kwa lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, ni hizo juhudi. Omba ya sauti, watu wengi hawajui kama ipo. Mimi yangu niliisikiliza jikoni na mama mkwe akiwa pembeni, na ndiyo mara ya kwanza yeye kuelewa kwa nini mjukuu anatolewa darasani saa nne.

Sasa hiyo ripoti. Kwa mtoto ambaye tathmini hii ndiyo ya kwanza, walitakiwa wakupe nakala angalau siku 5 za shule kabla ya kikao. Kama hujaipata, idai, na omba kikao kisogezwe. Ukiipata, tafuta sehemu inayosema alipimwa kwa lugha gani. Sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, kwa namna itakayoonyesha kweli anachokijua, isipokuwa iwe haiwezekani kabisa. Na haimruhusu mtu kumwita mtoto mlemavu kama sababu kubwa ni kutojua Kiingereza au kutofundishwa kusoma na hesabu ipasavyo. Kwa maelezo yako hawa walimchelewesha kwa sababu ya lugha, halafu walipompima huenda wakaisahau lugha yenyewe! Ukiona hivyo, hilo uliseme kikaoni, taratibu, bila ugomvi. Kwa kuwa mtoto bado anajifunza Kiingereza, kwenye meza hiyo anatakiwa awepo pia mtu wa kamati ya lugha, wanaiita LPAC. Uliza ni nani kati yao.

Lakini umeandika pia kwamba hata Kiswahili anasema maneno machache, na mwito wa kwenda bafuni anakuonyesha kwa mkono. Dada, hapo usiikatae tathmini yote kwa hasira au kwa aibu ya jina walilompa. Huenda kuna jambo la kweli, ila wamelipa jina lisilo lake. Unayo haki ya kuomba tathmini ya mtaalamu wa nje asiye mwajiriwa wa shule, na shule ilipe. Ukiiomba kwa maandishi, wao wana njia mbili tu: walipe, au wafungue shauri mbele ya msikilizaji wa kesi wathibitishe kwamba tathmini yao ilikuwa sawa. Kukupuuza hakumo.

Kuhusu kusaini. Sahihi ya kuonyesha ulihudhuria siyo sahihi ya kukubali, kwa hiyo soma, au usomewe, kila mstari wenye nafasi ya jina lako. Na huduma za mara ya kwanza haziwezi kuanza bila ridhaa yako ya maandishi. Shule haiwezi hata kwenda kwenye shauri kukulazimisha. Usipokubaliana na walichokiandika, Texas inakupa nafasi ya kuahirisha na kukutana tena ndani ya siku 10 za shule. Sema tu: naomba tuahirishe, sijaridhika na hili na hili. Usiogope nyuso zao. Wengine wataangalia saa.

Jambo ambalo ningekusisitizia kuliko yote ni karatasi. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu, tukiambiwa "haiwezekani" tunasema asante tunaondoka. Hapa neno la mdomo halina uzito wowote, liwe lako au lao. Mwanangu alipokuwa darasa la pili walimpangia dakika 30 kwa wiki za mtaalamu wa kuongea, tena kwenye kundi la watoto wanne. Nikauliza kwa nini, wakati ripoti yao wenyewe inasema akiwa na wenzake hatamki kitu. Mkuu wa idara akanijibu kwa upole kabisa kwamba mtaalamu ni mmoja na ana shule tatu. Nikamwambia sawa, naomba uniandikie hivyo. Kukawa kimya. Kuna hati inaitwa taarifa ya awali ya maandishi, wenyewe wanaifupisha PWN: kila wanapopendekeza kubadilisha jambo au kukataa ombi lako kuhusu kumtambua mtoto, kumpima, kumpangia darasa au huduma, wanapaswa kukuandikia wanakataa nini, kwa sababu gani, wametumia ripoti zipi, na njia gani nyingine walizifikiria. Sasa nani ataandika kwamba mtoto ananyimwa huduma kwa sababu wilaya haijaajiri? Haikuandikwa. Tulipokutana tena zikawa dakika 60, nusu yake akiwa peke yake na mtaalamu.

Basi kila ombi lako litume kwa imeili, hata kama mmezungumza mlangoni. "Kama tulivyoongea leo asubuhi, naomba..." inatosha. Ungekuwa umeomba tathmini kwa maandishi mwaka jana, wangekuwa na siku 15 za shule kukujibu: ama fomu ya ridhaa, ama kukataa kwa maandishi. Hilo ni la kumwambia mwenzako anayesubirishwa sasa hivi.

Malengo nayo yaangalie kwa makini, kwa kuwa ndiyo moyo wa mpango. "Ataboresha mawasiliano" siyo lengo, ni dua. Lengo linasema: ifikapo Mei ataomba kitu kwa maneno mawili au kwa picha, bila kuelekezwa kwa mkono, mara 8 kati ya 10, na mwalimu atahesabu kila wiki. Uliza: leo anaweza mara ngapi? Wakikosa jibu, hilo lengo limechukuliwa kwa mtoto mwingine likabandikwa kwako. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Endrew F., ilisema mpango lazima umwezeshe mtoto kupiga hatua inayolingana na hali yake, siyo kusogea kidogo tu.

Umeuliza kama kudai haki kutawaharibia makaratasi yenu. Ninyi mmekuja kama wakimbizi kihalali, lakini hata jirani yako asiye na karatasi, mtoto wake ana haki ya shule ya umma. Kesi iliyoamua hivyo mwaka 1982, Plyler, ilitoka Tyler, hapa hapa Texas. Na usidhani unawasumbua watu wema bure. Jimbo hili liliweka kigezo mwaka 2004 kilichosukuma wilaya zisizidi asilimia 8.5 ya wanafunzi kwenye elimu maalumu. Gazeti la Houston Chronicle likalifichua 2016, na Januari 2018 wizara ya elimu ya Washington ikatamka kwamba Texas ilivunja sheria. Kwa hiyo mwalimu anayekwambia subiri huenda naye alilelewa kazini kusema subiri.

Wakikugomea kabisa, andika malalamiko kwa TEA, idara ya elimu ya jimbo, ndani ya mwaka mmoja tangu kosa. Ni bure, huhitaji wakili, na wanatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Kabla ya kufika huko watafute Partners Resource Network, kituo cha wazazi cha jimbo zima, nao hawatozi. Na kikaoni una haki ya kwenda na mtu yeyote anayemjua mtoto vizuri: shangazi, mchungaji, mama wa kanisani. Mimi nilikuwa naenda na jirani Mnigeria ambaye hasemi kitu, anaandika tu kwenye daftari, na nakwambia adabu ya meza ilibadilika.

Ukitaka tuisome ripoti pamoja, piga picha kurasa za matokeo uziweke hapa, ila kwanza futa jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na jina la shule.