Kwa nini mtoto hawezi kujitekenya?
Mwanao anauliza kwa nini akijitekenya mwenyewe hacheki, ilhali wewe ukimgusa kwapani tu anaangua kicheko. Mweleze kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo, iitwayo serebelamu, hupata taarifa ya kila mwendo tunaokusudia, ikabashiri mguso utakaofuata na kuupunguza makali. Vidole vya mtu mwingine haiwezi kuvibashiri vizuri hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa London, akiwamo Sarah-Jayne Blakemore, walitumia roboti iliyopapasa kiganja cha mtu kwa kufuata mwendo wa mkono wake mwingine, na ilipocheleweshwa kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, mtekenyo ulizidi.