Kabla ya Kubadilisha Rangi, Utazame Ukuta

Masika ikiisha, watu hutoka nje, hutazama kuta zao, na maswali huanza kumiminika. Safari hii karibu yote yanahusu nyumba za zamani: za urithi, zilizonunuliwa kwa bei ya kiwanja, au zilizokaliwa na wapangaji miaka mingi hadi zikachoka. Nimechagua machache.

Swali: Shikamoo fundi. Nyumba aliyotuachia marehemu baba iko Tanga, ni ya miaka ya sitini. Nje ni krimu, chini damu ya mzee. Wanangu wanataka kijivu na nyeupe kama nyumba mpya zote za mtaani. Mimi naona wanamfuta babu yao. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Watoto usiwalaumu, kila kizazi kina rangi yake. Kulikuwa na wakati wa chokaa nyeupe iliyotiwa nili kidogo ili ing'ae. Ukaja wakati wa krimu na damu ya mzee. Baadaye maduka yakapata mashine za kuchanganya rangi, na mitaa ikajaa pichi, chungwa na kijani cha ndimu. Sasa ni kijivu, nyeupe na madirisha ya alumini nyeusi. Hiki nacho kitapita.

Ila damu ya mzee haikuwekwa chini kwa urembo tu. Mvua ikipiga udongo mwekundu, matope hurukia ukuta hadi usawa wa goti na kupita. Hapo hapo ndipo watoto wanapoegemea, baiskeli inapowekwa na kuku wanapochakura. Rangi nzito inayaficha yote hayo. Wanao wakiifuta bila kumwaga ukanda wa saruji kuzunguka nyumba, kila masika mtakuwa mnasugua ukuta.

Kuhusu kijivu chenyewe: kinapendeza kwenye nyumba za leo zenye kuta bapa na vioo vikubwa. Nyumba yenu, kwa umri wake, nadhani ina madirisha ya mbao, matofali ya matundu juu ya milango na paa lililotokeza nje. Kijivu baridi kwenye nyumba ya namna hiyo, siku ya mawingu, huonekana kama plasta ambayo bado haijapakwa rangi. Tena kijivu kizito hunyonya joto. Ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri ukiupaka rangi hiyo, chumba cha ndani yake hakitalalika hadi usiku wa manane.

Ushauri wangu ni huu. Acheni damu ya mzee chini, badilisheni krimu iwe nyeupe safi, na kijivu wapeni watoto kwenye nondo za madirisha na geti. Kabla ya kununua ndoo kubwa, nunueni kopo dogo mpake mraba wa mita moja ukuta wa mashariki na mwingine wa magharibi. Mtazame asubuhi, saa saba mchana na jioni. Rangi ya kwenye kadi ya dukani na rangi iliyopigwa na jua la Tanga ni vitu viwili. Mkumbuke pia kwamba nyekundu na njano kali hupauka upesi, lakini rangi zitokanazo na oksidi ya chuma, yaani zile za udongo mwekundu, udongo wa njano na kahawia, hustahimili jua miaka mingi. Damu ya mzee ikitengenezwa kwa oksidi hiyo, inadumu.

Swali: Tumenunua nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Unguja. Rangi inabanduka vipande vipande, chini ukuta una unga mweupe kama chumvi, na chumba kinanuka ukungu. Fundi anasema tukwangue, tupige plasta ya saruji nzito, tumalizie na rangi ya mafuta. Pia anataka kuvunja ukuta wa kati tupate sebule kubwa. Je, ni sawa?

Jibu: Hapana, kwa yote mawili. Naomba msimamishe kazi hiyo leo.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo na chokaa. Kuta ni nene, na chini hazina tabaka la kuzuia maji kama nyumba za matofali za sasa. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, na hilo waashi wa zamani walilijua. Ndiyo maana waliupaka plasta ya chokaa: chokaa huruhusu unyevu utoke, jua na upepo vikaumaliza. Ukuta ulikuwa unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, na nyumba ikasimama miaka mia na zaidi.

Saruji na rangi ya mafuta huziba njia hiyo. Maji hayakomi kupanda, yanakosa tu pa kutokea, kwa hiyo hupanda juu zaidi na kutafuta upenyo. Yakiupata, hukauka pale na kuacha chumvi. Chumvi ikiganda chini ya rangi huisukuma rangi, na huo ndio unga mweupe mnaouona. Nadhani kuna mtu aliwatangulia na saruji yake. Hatari kubwa zaidi hamuioni: ncha za boriti za mikoko zimezama ndani ya ukuta huo huo. Ukuta ukikaa umelowa, ncha zinaoza, na dari inakosa pa kushika.

Kwanza kabisa shughulikieni maji. Tazameni mifereji ya paa, bomba la bafu la ghorofani, tangi, na mahali maji ya kunawia yanapomwagwa. Mara nyingi nusu ya ugonjwa uko hapo, na kuutibu ni rahisi kuliko plasta. Kisha ondoeni plasta ya saruji taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo, sehemu kwa sehemu, mkiangalia jiwe lisitoke nalo. Mkishaitoa, acheni ukuta wazi ukauke. Huenda ikachukua miezi. Najua inauma kukaa miezi na ukuta uchi, lakini plasta mpya juu ya ukuta uliolowa ni pesa iliyotupwa. Chumvi inayotoka juu mfagie kwa brashi kavu, msiioshe kwa maji, maana maji huirudisha ndani.

Plasta mpya iwe ya chokaa: fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga safi usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni haufai. Mpige tabaka nyembamba, kila moja ipewe siku kadhaa, na ikingwe na jua kali kwa magunia yaliyoloweshwa. Chokaa haikauki kama saruji. Hushika kwa kuvuta hewa ukaa, na haraka ndiyo huiua. Mwisho mpake chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, juu ya ukuta ulioloweshwa kidogo, mara tatu au nne. Mkitaka rangi, changanyeni unga wa oksidi ndani yake. Mafundi wavae miwani na glovu kazi yote, chokaa ikiingia jichoni inaunguza.

Kuhusu ukuta wa kati: vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Ukuta mnaotaka kuuvunja huenda ndio unaobeba boriti za pande mbili pamoja na ghorofa ya juu. Beit al-Ajaib, jumba la hapo hapo Mji Mkongwe la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo. Majengo haya hayana subira na mtu anayekisia. Ukuta usiguswe kabla mhandisi hajauona. Tena mji huo ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na una mamlaka yake ya uhifadhi. Kabla ya kugusa kuta, madirisha, mlango au hata rangi ya nje, nendeni mkaombe kibali. Waulizeni hapo hapo mafundi wanaoijua chokaa. Wapo, ila ni wachache, na kila nyumba inayopakwa saruji inawapunguzia kazi.

Swali: Fundi rangi anapiga msasa milango na madirisha ya zamani hapa kwetu Mombasa, vumbi limejaa nyumba nzima. Nina mtoto wa miaka miwili. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, dada. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na hata za miaka ya karibuni zilikuwa nayo kabla viwango havijakazwa. Vumbi lake hukaa sakafuni, mtoto hutambaa, hutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na inayoumia zaidi ni akili ya mtoto mdogo.

Mhamishe mtoto kwa bibi yake hadi kazi iishe. Fundi aloweshe mbao kwa maji kabla ya kupiga msasa, atumie msasa wa maji, na atandike nailoni chini. Asichome rangi kwa moto kabisa, kwa sababu moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Msifagie kwa ufagio mkavu, pigeni deki kwa kitambaa kilicholowa, mara kadhaa. Kama rangi ya zamani bado imeshika vizuri, haina haja ya kutolewa: ioshwe, ikwaruzwe kidogo kwa maji, ipakwe mpya juu. Na dukani someni kopo, chagueni lililoandikwa kwamba halina risasi.

Swali: Nyumba yetu ya Arusha imeezekwa zile shiti nene za kijivu, si bati. Zimeota kuvu. Nataka vijana wapande wasugue kwa brashi ya waya, kisha tupake rangi nyekundu.

Jibu: Vijana wasipande. Shiti za namna hiyo kwenye nyumba za zamani mara nyingi ni asbesto. Zikiwa nzima na zimetulia, hatari yake ni ndogo. Zikisuguliwa, zikikatwa au kutobolewa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana ambazo hukaa kwenye mapafu na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Tena shiti kuukuu huvunjika ghafla chini ya mguu, na watu wameanguka.

Msimwite mtu wa kuzing'oa kwa nyundo na kuzitupa korongoni. Anzeni ofisi ya serikali inayosimamia mazingira (NEMC), muulize utaratibu wa kuondoa na kutupa taka hatarishi. Mkifikia kuezeka upya, chagueni bati la rangi hafifu. Nyeusi na buluu nzito zinavutia, lakini mtazilipia kwa joto.

Swali: Kampuni imekuja kuomba kupaka nyumba yetu ya barabarani, Mbeya, rangi yao na nembo, bure. Mzee amefurahi. Mimi sina raha.

Jibu: Naelewa furaha ya mzee, kwa kuwa rangi ni ghali na nyumba ya barabarani hula vumbi. Lakini hiyo ni kazi ya tangazo, na ukuta ni wenu. Ulizeni mambo haya kwa maandishi: mkataba ni wa muda gani, nani atalipa ada ya tangazo ikidaiwa, watarudi lini kupaka tena ikipauka, na mkataba ukiisha nani atairudisha nyumba kwenye rangi yenu. Kufunika nyekundu kali kwa krimu kunahitaji praima na mikono mingi ya rangi, na gharama hiyo ndiyo wanayowaachia. Wakikubali kulipa kodi ya ukuta kila mwaka, ni biashara ya haki. Wakisema rangi yenyewe ndiyo malipo, mimi ningewapa maji ya kunywa na kuwaaga. Inanisikitisha kupita miji yetu na kuona safu nzima ya nyumba, kila moja na historia yake, zimevaa sare ya bidhaa.

Swali: Mimi ni mpangaji Buguruni. Naweza kupaka rangi niipendayo?

Jibu: Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, iliyoandikwa hata kwenye ujumbe wa simu. Ukikubaliana naye, gharama ikatwe kwenye kodi.

Swali: Nyumba ya bibi Moshi ina sakafu nyekundu ya saruji, ile ya kupaka polishi. Ina nyufa mbili tatu. Kaka zangu wanataka tuweke vigae vyeupe. Bibi anakataa, na bado anaishi humo.

Jibu: Bibi yu hai na anaishi humo, basi neno lake litangulie.

Ila ana hoja nyingine hata bila ya umri wake. Kigae kinachong'aa, kikimwagikiwa maji, huteleza, na mtu mzima akianguka akavunjika nyonga hurudi kwenye hali yake kwa shida. Vigae pia huinua sakafu, kwa hiyo milango yote itabidi ikatwe chini, na kizingiti kipya kitakuwa kikwazo kwa mguu wake.

Sakafu ile nyekundu ni saruji iliyochanganywa na oksidi na kulainishwa kwa mwiko hadi ikang'aa. Nyufa hutengenezeka. Ufa ufunguliwe kidogo kwa patasi, usafishwe, uloweshwe, ujazwe saruji laini iliyochanganywa na oksidi ile ile. Jaribuni mchanganyiko pembeni kwanza, uacheni ukauke kabisa ndipo mlinganishe, kwa sababu ukiwa mbichi huwa mweusi zaidi. Alama itabaki kidogo, haidhuru. Polishi kuukuu iliyojikusanya itolewe kwa maji ya moto na sabuni, kisha mpake mpya kidogo sana, na muisugue hadi kitambaa kisitoke na rangi, ili isimtelezeshe bibi wala isipake soksi za wajukuu.

Kaka zako wakiwa na hamu ya vigae, jikoni na bafuni papo. Wachague vile vyenye uso wa kukwaruza.